Maji meupe ya mashini za kuchonga chuma: mikrobe zinajificha kwenye utando

Katika atelye kubwa za kuchonga chuma, maji meupe kama maziwa yanamwagika juu ya kisu cha mashini. Ni mafuta yaliyochanganywa na maji. Yanapoza chuma, yanalainisha na kuondoa mabaki. Lakini yasipochungwa, yanaweza kuharibu mapafu ya mfanyakazi.

Mfano mmoja ni wa Uingereza. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi wa kiwanda cha injini za magari huko Longbridge, mjini Birmingham, walianza kukohoa na kukosa pumzi. Madaktari walikuta watu 87 wenye magonjwa ya kifua yaliyotokana na kazi, karibu mmoja kati ya kumi. 74 walikuwa na pumu, 19 walikuwa na uvimbe wa mapafu unaoletwa na aleji, na wengine walikuwa na magonjwa zaidi ya moja. Maji ya kupoza yalikuwa yakizunguka kiwandani na kutumiwa tena na tena.

Sababu ni hii: mafuta hayo ni chakula cha bakteria. Mashini ikizunguka kwa kasi, inarusha ukungu mwembamba, na fundi anauvuta.

Kipimo cha kawaida ni kibao kidogo cha plastiki kilichopakwa chakula cha bakteria. Kinachovywa ndani ya maji, kinawekwa kwenye joto la digrii 30 hivi kwa siku mbili, halafu madoa yaliyoota yanalinganishwa na picha. Kwa mwongozo wa Uingereza, bakteria chini ya 1.000 kwa mililita moja ni hali nzuri. Zikifika 1.000.000, maji yamwagwe na mashini isafishwe.

Shida ni kwamba kibao kinahesabu tu bakteria zinazoelea. Nyingine zinajishika kwenye mabomba na pembe za tanki, chini ya utando wa ute ambao dawa haipenyi vizuri. Ukibadilisha maji bila kuparuza utando huo, maji mapya yanachafuka upesi. Ndiyo maana inafaa pia kupangusa kuta za tanki kwa pamba safi na kuipima.

Kuna bakteria nyingine, kama Mycobacterium immunogenum, ambayo inaota polepole kuliko bakteria za kawaida na mara nyingi haionekani kwenye kibao. Hiyo inatafutwa kwa PCR, aina ya kipimo ambayo watu wa Beni na Butembo waliifahamu wakati wa Ebola. Kipimo kingine, cha ATP, kinatumia kemikali inayomulika kama kimulimuli na kutoa jibu kwa dakika chache, lakini hakisemi ni bakteria gani.

Kuziua peke yake hakutoshi. Mabaki ya bakteria zilizokufa bado yanaweza kuumiza mapafu.

Kwa mafundi wa Likasi, Lubumbashi au Bukavu wasio na maabara karibu, dalili zipo. Harufu ya mayai yaliyooza Jumatatu asubuhi, baada ya mashini kupumzika, ni ya bakteria. Karatasi ya kupima asidi nayo inasaidia: maji mazima huwa na pH kati ya 8,5 na 9,5 hivi, na bakteria huishusha.

Na kama kikohozi au homa inapungua ukiwa kwenye konji na kurudi ukianza kazi, mwambie daktari unafanya kazi gani na unatumia maji gani. Asipojua hilo, anaweza kukutibu malaria au kifua kikuu bure.