Kutia Matiko au Kutoa Ugumu? Istilahi Moja ya Ufundi wa Shaba

Mfasiri mmoja alituletea ukurasa wa kitabu cha Kimarekani kinachofundisha namna ya kujaza upya maganda ya risasi nyumbani. Ukurasa wenyewe ni mfupi, lakini ndani yake mna kitenzi kimoja alichokitafsiri kwa njia tatu mbalimbali. Mahali pa kwanza aliandika "kutia matiko", pa pili "kulainisha", na pa tatu "kupoza polepole". Kila tafsiri ina sababu yake, na kila moja ingempotosha msomaji. Ile ya kwanza ingeweza hata kumjeruhi.

Yafaa kwanza tukielewe kitendo chenyewe. Huko Marekani walenga shabaha na wawindaji wengi huokota maganda yao baada ya kupiga, wakayatia fataki mpya, baruti na risasi, kisha wakayatumia tena. Ganda hutengenezwa kwa shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. (Kwamba metali yenye rangi ya manjano imeitwa nyeupe ni kesi nyingine, nayo tuiache kwa leo.) Kila bunduki inapolia, shingo ya ganda hutanuka, na kabla ya kulijaza tena, mwenyewe hulibana katika kalibu ili lirudie kipimo chake. Kutanuka na kubanwa huko ni sawa na kipigo cha nyundo ya mfua shaba anayefua sinia: fuwele za metali hukunjamana, metali ikawa ngumu na kavu, na mwishowe shingo hupasuka. Dawa yake ni moto. Shingo ikipata joto la kutosha, fuwele mpya zisizo na mikunjo huota mahali pa zile za zamani, na ulaini hurudi. Viwandani shaba hii hupashwa kati ya nyuzi 425 na 750 za sentigredi.

Sasa tuyapime maneno. "Matiko" ni neno zuri la wahunzi, na lisingepaswa kupotezwa. Mhunzi akichoma shoka la pua hadi likawa jekundu, kisha akalichovya majini, shoka huwa gumu; ndipo tunaposema limeingia matiko. Basi kitendo cha ganda ni kinyume chake kabisa. Linalomponza mfasiri ni kwamba mara nyingi mjazaji naye huliangusha ganda la moto ndani ya maji. Mtu akiona moto na maji pamoja, hukumbuka matiko mara moja. Lakini shaba nyeupe haishiki matiko: ipoze kwa maji au iache ipoe yenyewe, ulaini wake ni uleule. Maji hapa yana kazi nyingine, nayo ni kulizuia joto lisiteremke kutoka shingoni hadi kwenye kitako.

Nacho kitako ndicho kiini cha jambo lote. Kitako hushika fataki, na risasi inapopigwa hustahimili kanieneo inayozidi ile ya hewa ya kawaida mara 3,000 na zaidi. Sharti kibaki kigumu. Kwa sababu hiyo moto huelekezwa shingoni na begani tu, kwa sekunde chache, na kitako hakiachwi kipite nyuzi 250 hivi. Kitako kikilainika, ganda laweza kupasuka nyuma na kurusha gesi ya moto kuelekea uso wa mpigaji. Msomaji aliyeambiwa "tia ganda matiko" atalichoma ganda zima kama shoka, huku akiamini kwamba analiongezea nguvu.

"Kupoza polepole" kumetoka katika vitabu vya ufundi wa pua, na huko kuna maana, kwa kuwa pua isipopozwa polepole hairudi kuwa laini. Kwa shaba sharti hilo halipo. Istilahi ikitaja namna ya kupoza, itakuwa kweli kwa metali moja na uongo kwa nyingine.

Linabaki "kulainisha", ambalo wengi mtalipendelea. Nami nililipendelea mpaka nilipousoma ukurasa wote. Mistari michache kabla, kitabu kinaagiza ganda lipakwe mafuta kidogo lisikwame katika kalibu, na fundi wa magari yeyote atakuambia kuwa huko ndiko kulainisha. Tena kitu laini ni kile kisicho kigumu na pia ni kile kisicho na mikwaruzo. "Kulegeza" nako hakutufai, kwani shingo iliyolegea ni shingo isiyoishika risasi.

Napendekeza "kutoa ugumu". Maneno haya yanataja kinachoondolewa, hayasemi lolote juu ya kupoza, na yananyumbulika bila taabu: utoaji ugumu, shingo iliyotolewa ugumu, tanuri la kutolea ugumu. Mwalimu wa ufundi aweza kuyatumia kwa waya, kwa mabomba ya shaba na kwa sinia, hata kama hatagusa ganda la risasi maishani mwake.

Faida nyingine ni kwamba yanaacha nafasi kwa istilahi jirani. Katika India ya wakati wa utawala wa Waingereza, maganda yaliyowekwa ghalani yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kupigwa. Mwaka 1921 wataalamu watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walieleza sababu: amonia iliyotokana na mkojo wa farasi mazizini ilikuwa ikiishambulia shaba ambayo ndani yake mlikuwa mmebaki mkazo tangu kiwandani. Mkazo huo huondolewa kwa joto dogo, na ugumu ukabaki. Hicho ni kitendo cha pili, nacho chastahili kuitwa "kutoa mkazo". Tungechagua "kulainisha" kwa cha kwanza, wafasiri wangelitumia na kwa hiki pia, na ghala lingejaa maganda yaliyopoteza ugumu uliokusudiwa kubaki.

Wasomaji wenye neno jingine linalotumiwa na wafua shaba wa kwao, hasa wa mwambao na visiwani, wanaombwa kutuandikia kabla pendekezo hili halijapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.