Kabati la Buluu: Jinsi ya Kuchagua Rangi ya Samani

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kuchagua rangi ya buluu ya kupaka kabati, meza, sanduku au kiti. Sisemi habari ya buluu hafifu, mfano wa maji yaliyotiwa nili kidogo. Nasema ile iliyokolea, ambayo mtu akiingia nyumbani macho yake huiona kwanza kabla ya kitu kingine. Rangi ya namna hiyo ni nzuri sana, lakini haina huruma kwa mtu aliyeichagua kwa haraka.

Mimi mwenyewe nimepata kufanya haraka hiyo. Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, nami nikaahidi kumpa kabati la vyombo. Nikaenda dukani adhuhuri, nikafunguliwa kopo mlangoni, juani, nikaona buluu inayong'aa kama bahari wakati wa kaskazi. Nikanunua makopo mawili kwa fedha yote niliyokuwa nayo. Kabati likapakwa, likakauka, likatiwa chumbani. Jioni taa ilipowashwa, dada alisimama mbele yake akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kaka, mbona umenipa kabati jeusi?" Nikamlaumu fundi, na fundi akamlaumu mwenye duka. Kumbe wote wawili hawakuwa na kosa.

Sababu yake ni hii. Rangi haina mwanga wake yenyewe. Hupokea mwanga unaoiangukia, hula sehemu yake na kurudisha sehemu iliyobaki. Na huo unaorudi ndio tuuonao. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake, na buluu haikosi humo. Lakini mwanga wa taa ya mafuta una wekundu na umanjano mwingi, na buluu haba mno. Basi kabati lililozoea kurudisha buluu halipati cha kurudisha, nalo huonekana jeusi. Taa za umeme nazo si za namna moja: ziko zenye mwanga wa manjano, ambazo huififisha buluu, na ziko zenye mwanga mweupe, ambazo huiacha karibu na ilivyo mchana.

Tena rangi hubadilishwa na majirani zake. Katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, ambako huko Ufaransa walifuma mazulia ya ukutani, palikuwa na bwana mmoja msimamizi wa kutia nyuzi rangi, jina lake Michel Eugène Chevreul. Watu walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi hazikukolea. Alipochunguza, aliona kwamba weusi ulikuwa sawasawa. Ila ulifumwa kando ya buluu na zambarau, na majirani hao ndio walioufanya uonekane dhaifu. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa cha mambo hayo. Kwetu maana yake ni hii: ukiweka kabati la buluu kando ya viti vya mninga, ule wekundu wa mbao utaizidisha nguvu buluu, na buluu itaupasha moto wekundu. Ukiliweka kando ya ukuta wa kijani, vyote viwili vitapoa.

Yafaa pia kujua kwamba buluu ni nyingi. Altramarini huelekea zambarau kidogo. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, mpaka Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata njia ya kuitengeneza kiwandani, akapewa tuzo ya faranga 6,000 mwaka 1828. Ndiyo iliyotiwa sana katika buluu ya kufulia nguo nyeupe. Buluu ya Prusia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ni nzito, nayo haipatani na chokaa. Iko na buluu ya thalo, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1935: hii huelekea kijani, na kidogo chake tu hutia rangi kingi.

Sasa fanya hivi. Nunua kopo dogo kabisa la kila buluu unayoitamani. Chukua vipande vya ubao vya futi moja, uvipake mara mbili mpaka ukingoni, kwa maana ukiacha ukingo mweupe utakudanganya. Vikikauka, visimamishe wima pale pale kabati litakaposimama; usivilaze mezani. Vitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Watu wa nyumbani nao wavitazame.

Kama kitu chenyewe ni cha zamani na kina rangi kuukuu, hapo jihadhari sana. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na hata leo ziko zinazotiwa. Mkutano wa kazi wa mataifa uliofanyika Geneva mwaka 1921 ulikwisha kuweka mapatano ya kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya nyumba; maana vumbi lake likimwingia mtoto huharibu akili yake, wala halina dawa ya kuirudisha. Usilisugue kavu. Lilowanishe, usugue kwa msasa wa maji nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, ukusanye tope lote. Na kopo jipya lisomwe: liandikwe kwamba halina risasi.

Rangi ya chini ya buluu iliyokoza iwe ya kijivu, si nyeupe. Hivyo pakikwaruzika hapatatoa alama nyeupe. Vanishi ya mafuta usiipake juu, kwa kuwa hugeuka manjano kwa miaka, na manjano juu ya buluu ni kijani.

Kabati la dada tulilipaka upya baada ya miezi minne, nilipokwisha kupata fedha nyingine. Safari hii nilimletea vipande vitano vya ubao, akavisimamisha chumbani siku tatu. Alichagua altramarini iliyopunguzwa kwa nyeupe kidogo, ambayo mimi dukani nisingaliitazama mara mbili.