Mtu Hajisingi

Kila ukifika mwezi wa sita, mafuta yangu ya nazi huganda. Jioni nayaweka dirishani yakiwa majimaji, asubuhi nayakuta meupe kama samli, hata kijiko hakizami. Mwaka wa kwanza nilipohamia Iringa kufundisha, nilimpigia mama mdogo kule Wete, Pemba, nikamlalamikia kwamba safari hii kauziwa mafuta yaliyochanganywa. Alicheka mpaka salio langu likaisha. Kumbe mafuta ya nazi halisi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pemba, kipupwe kikizidi sana, mafuta huingia ukungu tu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita hata mimi mwenyewe huganda.

Siku hizi naitumbukiza chupa kwenye sufuria ya maji moto, dakika tano tu, mafuta yanarudi yalivyokuwa. Sufuria hiyo ndiyo mwanzo wa Jumamosi yangu. Saa kumi alasiri nguo zimeshaanikwa, wanangu wako uwanjani, simu iko kabatini chini ya mashuka. Natandika mkeka chumbani, naweka beseni, taulo na kopo la singo. Walimu wenzangu huniuliza natumia losheni gani, na hawaniamini nikiwaambia kwamba sehemu kubwa ya losheni yenyewe ni mchele.

Kwa msomaji wa bara asiyeijua, singo ni unga wa kunukia unaochanganywa na marashi ya mawaridi mpaka uwe uji mzito, ukasuguliwa mwilini. Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, kila nyumba ina singo yake, na kila nyumba huona ya jirani imepungukiwa. Ya bibi yangu ilikuwa hivi: kikombe cha mchele uliorowekwa usiku kucha, ukaanikwa, ukatwangwa. Konzi ya maua ya langilangi yaliyokaushwa kivulini, konzi ya asumini, waridi kadiri zilivyopatikana. Majani ya mpachori na ya mrehani. Ganda la chungwa moja, kavu la kuvunjika vidoleni. Liwa vijiko viwili. Karafuu saba. Vyote kinuni, kisha kwenye chekeche, kinachobaki juu kinarudi kinuni, mpaka unga uwe laini lakini ukiupikicha bado unausikia mkononi. Mchele ndio unaosugua. Yaliyobaki ni harufu, na bibi alikuwa na hakika kwamba harufu ndiyo inayomlaza mtu.

Karafuu saba, na hazizidi. Utotoni nilidhani ni mambo ya bahati. Mpemba kubania karafuu! Tumekua zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba, hata makonyo yake hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi yakatolewe mafuta. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba ndani ya karafuu mna kitu kiitwacho eujenoli, kilekile kinachotia ganzi jino linalouma, na kikiwa kingi huunguza ngozi. Ndiyo sababu mafuta ya karafuu ya chupa hayapakwi peke yake hata siku moja. Mdalasini nao bibi hakutaka hata kuuona karibu na kinu chake. Kemia hakuijua, ila aliwajua biharusi walioingia ukumbini na mashavu mekundu.

Liwa ndiyo yenye gharama. Ni ukuni wa kunukia, na wazee wetu walikuwa wakiisifu ya Bukini, ndiyo Madagaska. Bibi alikuwa na jiwe lake la bapa, lililochimbika katikati kwa miaka. Akilinyunyizia maji, akisugua kipande cha liwa duara, duara, mpaka jiwe litoe rojo la rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ilikuwa ya usoni, hupakwa siku hiyohiyo. Mimi sokoni nimeshauziwa mara mbili vumbi la mbao lililotiwa manukato. Na msandali wa huku kwetu Afrika Mashariki, ambao nao huuzwa kwa kazi kama hizi, umeng'olewa na mizizi yake kiasi kwamba tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba unaosimamia viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo kwenye unga wangu liwa nimeiacha, nimeongeza ganda la chungwa. Kile kipande alichoniachia bibi kimebaki urefu wa kidole gumba, nakitoa Idi mbili tu.

Jambo moja muhimu kwa anayetaka kujaribu: singo kavu hukaa miezi kwenye kopo lisilopitisha hewa, lakini ukishaitia marashi ni ya siku hiyo. Maji yakiingia, kuvu ipo njiani. Nimemwona shoga yangu mmoja akiweka uji wa singo dirishani juma zima kisha akashangaa kwa nini anawashwa. Na kabla hujajipaka mwili mzima, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ulale nayo kesho uone. Ua lililo marashi kwangu laweza kuwa upele kwako.

Bibi alikuwa somo, yaani kungwi wa biharusi. Wiki moja kabla ya harusi biharusi huwekwa ndani, na yeye ndiye aliyeitwa. Ilipofika zamu yangu, mjukuu wake mwenyewe, sikupata upendeleo wowote. Alinilaza mkekani akaanzia nyayoni. Alipaka, akaacha unga ushike nusu ya kukauka, kisha akasugua kwa kiganja kizima, taratibu, mpaka nongo zikaanza kubiringika kama uzi wa kijivu. Mimi, msichana wa chuo niliyekuwa nikioga mara mbili kwa siku, nilitamani ardhi inimeze. "Tulia," akasema, "hata malkia anazo." Mgongoni ndiko alikokaa zaidi. Siku saba hizo sikuulizwa hata mara moja chumvi iko wapi.

Siku ya tatu nilimwambia, bibi, umechoka, nipe nijisinge mwenyewe. Alisita na mkono hewani kana kwamba nimemtukana. "Mtu hajisingi," akasema. "Husingwa."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Nikaja kuelewa Iringa, peke yangu, na kopo lote la singo, mkono umekwama nyuma ya bega. Miguu unaifikia, mapaja, mikono, tumbo. Shingo unaifikia. Baina ya mabega, pale hasa panapobeba mkoba wa madaftari na kusimama vipindi saba, hufiki. Nimejaribu dodoki refu, nimejaribu khanga niliyoipaka singo nikaivuta huku na huku kama anayekausha ng'ombe. Unga uliishia ukutani. Msomaji atauliza, na mume? Yuko Mbeya kikazi, hurudi mwisho wa mwezi, na mikono yake imezoea nati na spana. Alijaribu mara moja. Tumekubaliana asijaribu tena.

Ni upweke huo ulionipeleka kwenye simu. Kuna video chungu nzima za wanawake wanaojitengeneza nyumbani, wamelala na tango machoni. Tango mimi nalila na chumvi, lakini moja ilinivuta: sukari guru na ndimu, usugue mabegani na shingoni, ngozi itang'aa. Nilisugua Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nikaongeza kidogo kwa kuona raha yake, nikajimwagia maji ya haraka na kukimbilia michezo ya shule. Saa nne juani nikipuliza filimbi. Jumatatu nikaona mistari ya kahawia iliyoiva kutoka begani mpaka kiwikoni, sawasawa na njia maji ya ndimu yalipochuruzika. Muuguzi aliponitazama aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulishika ndimu?" Maji ya ndimu na ya limau yana viini vinavyowaka ngozini vikipigwa na jua, na doa lake halitoki kwa sabuni. Langu lilinikalia mpaka likizo. Ndimu iacheni kwenye mchuzi.

Na kwa kuwa nimefika kwenye kung'aa, niseme na hili. Watu huniuliza, tena wanafunzi wa kike wakubwa, kama singo inamfanya mtu kuwa mweupe. Haifanyi. Inatoa seli zilizokufa na uchafu, ngozi yako uliyozaliwa nayo inaonekana vizuri, basi. Kinachomfanya mtu mweupe ni mkorogo, wenye haidrokwinoni au zebaki, na zebaki haiishii usoni, inashuka mpaka kwenye figo. Piko nayo, ile nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele, imewababua mikono biharusi wengi wa pwani. Hina ya kawaida hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Ukiiona nyeusi tititi ndani ya nusu saa, uliza imetiwa nini.

Turudi kwenye mafuta. Mama mdogo huyapika mwenyewe: nazi zilizokomaa, zikunwe kwa mbuzi, zikamuliwe tui zito, tui libandikwe kwenye moto mdogo lichemke bila haraka mpaka likatike, mafuta yaelee juu na mashapo ya kahawia yabaki chini. Mashapo hayo tulikuwa tukipigania kuyalamba. Nazi kumi humpa nusu lita na ushei. Watu wengi huku hulalamika kwamba wakipaka mafuta bado ngozi inapauka, nami nikiwauliza wanapaka saa ngapi, husema asubuhi, ngozi ikiwa kavu. Mafuta hayaleti maji, huyazuia tu yaliyopo yasitoroke. Toka kuoga, jifute nusunusu, paka mwili ungali na unyevu. Kwa baridi hii na vumbi hili, hiyo peke yake ni zaidi ya losheni nyingi za dukani.

Miguu ndiyo iliyonitesa zaidi huku, magaga ya kuingia senti. Dawa yake ni uvumilivu: beseni la maji vuguvugu na chumvi kidogo, robo saa, jiwe la kusugulia kwa mkono mwepesi, mafuta, kisha soksi mpaka asubuhi. Mwenye kisukari asipime maji kwa mguu, maana mguu wake unaweza kuungua asijue. Apime kwa kiwiko, au ampe mtu mwingine ampimie.

Sasa chetezo. Kwetu singo haikamiliki bila kufukiza: kaa la moto, kipande cha udi, unaketi kitini na khanga imekufunika mpaka shingoni, moshi unapanda. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kukata, nilifunga mlango na dirisha, nikaziba na ufa wa chini kwa kitambaa, nikatia makaa ya kutosha nipate na joto. Kichwa kikaanza kugonga. Nilidhani ni uchovu wa kusahihisha mitihani.

Mlango ulipigwa ngumi. "Mwalimu! Unaungua?"

Alikuwa jirani yangu, mama wa makamo wa Kihehe anayeuza parachichi na vitunguu barabarani. Hakusubiri salamu ya "Kamwene" wala karibu. Aliingia, akalisukuma dirisha likagonga ukuta, akabeba chetezo kwa pindo la kitenge mpaka nje uani. Aliporudi alikuwa amekasirika kweli. "Huku watu wanakufa na mkaa ndani. Ninyi wa pwani nyumba zenu zinapitisha upepo, hamjui." Alisema kweli. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na mimi nilikuwa nimeongeza udi juu yake. Siku hizi nafukiza uani au kwenye mlango ulio wazi, dakika chache, na makaa hayalali ndani.

Nilikuwa nimekaa pale na khanga, baridi inaingia, naona haya. Alinizunguka akanitazama mgongo. Singo ilikuwa imekauka kwa mabaka.

"Na huku nyuma alikupaka nani? Mbuzi?"

Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akanawa mikono kwenye beseni, akachota singo kwa vidole viwili akainusa, akapiga chafya. Kisha akanisukuma begani nigeuke. Mikono yake ilikuwa baridi kama bati na migumu kwa jembe, nikaruka. "Tulia," akasema. Akasugua kama anayesugua sufuria ya ugali, na nongo zikashuka, mama huyu anazihesabu kwa sauti. Sijui alitumia nusu saa au zaidi. Alinimalizia kwa mafuta, akafuta mikono kwenye taulo langu, akanyamaza tena.

Jumamosi iliyofuata alikuja saa kumi kamili na parachichi mbili zilizolainika mpaka haziuziki tena. Tukaziponda na kijiko cha asali, tukajipaka nywele, tukafunga mifuko ya nailoni vichwani, tukanywa chai. Nywele zangu hazijawahi kuwa laini hivyo, ingawa kusuuza kulichukua ndoo tatu. Nilipomaliza kusuguliwa alivuta kigoda, akakaa kwa kunipa mgongo, akashusha kitenge. Palikuwa na alama mbili nyeusi mabegani, za kamba ya mzigo, zilizokaa hapo miaka.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Maji yasipoe."

Nikachota singo, nikapasha viganja kwa kuvisugua, nikaanzia hapo.