Land Rover Kuukuu za Simiyu (4): Spea Zilizouzwa kwa Kilo

Tangu Arusha ilipokusanya Land Rover kutoka kila pembe ya nchi kwa tamasha la Oktoba 2024, swali linalonifikia kutoka Bariadi, Maswa na Lamadi ni lile lile: mzee, ile Land Rover 109 ya baba iko juu ya mawe, nitaifufuaje na spea hakuna? Waliosoma sehemu tatu zilizotangulia wanajua tayari chesesi imejengwaje, bodi ya aluminiamu inaoza wapi, na namna tope la mbuga likikauka ndani ya chesesi linavyoila taratibu. Sitarudia. Leo nashika spea. Lakini siwezi kuzizungumzia kabla ya kueleza ziliadimika lini na kwa nini, maana wengi wanadhani lawama yote ni ya umri wa gari.

Gari lenyewe lilizaliwa katika uhaba. Baada ya vita, Uingereza ilikuwa inagawa chuma kwa kibali, na kampuni ya Rover ilihitaji kitu cha kuuza nje ya nchi. Maurice Wilks na wenzake wakachukua aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, wakaikunja kwa mistari iliyonyooka ili kukwepa gharama ya mashine kubwa za kukandamizia bati. Chesesi wakaiunga kwa kuchomelea vipande vya bamba la chuma. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Nawasihi wasomaji walishike hili: waliolibuni gari hili hawakuwa na vifaa vya kutosha, na ndiyo sababu fundi wa Bariadi asiye na vifaa vya kutosha analimudu. Bati la mlango wa 109 hunyooshwa kwa nyundo na ubao, chini ya mwembe, na likakaa sawa.

Usukumani lilifika kwa wakati wake. Tangu 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake wa kuendeleza Usukuma, makao yakiwa Malya, na Bariadi ya leo ikiwa ndani ya wilaya ya Maswa. Mpango ulichimba malambo, hilo ni kweli, lakini uliingilia pia idadi ya ng'ombe wa watu na namna ya kulima mashamba yao, kwa amri na faini. Land Rover ikawa gari la mtu anayekuja kuhesabu mifugo yako. Kilichobadilisha sura yake ni pamba na ushirika. Vyama vya wakulima vilivyoungana mwaka 1955 chini ya shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele, vikaja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba, na pamoja na vinu vikaja malori na Land Rover zenye jina la chama mlangoni. Gari lile lile sasa likawa linampelekea mkulima mbegu. Mimi huwa nawaambia vijana kwamba hakuna gari jingine lililoonja pande zote mbili za historia yetu kama hili.

Spea hazikuwa tatizo enzi hizo. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, na mzigo wa Maswa na Bariadi ulishushwa Malampaka. Duka la Mwanza lisipokuwa nayo, Nairobi ilikuwa nayo. Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilichokuwa Thika kikaanza kuunganisha Land Rover huko huko Kenya, kwa hiyo ghala la karibu zaidi la spea zetu likawa nchi jirani.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya kipindi hicho ikaja vita ya Kagera, na magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda mstari wa mbele. Bei ya mafuta ikapanda duniani, fedha za kigeni zikakauka, ikafika mahali kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kukapigwa marufuku. Kuagiza hata seti moja ya ringi za pistoni kulihitaji leseni na mgao wa fedha za kigeni. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilikuwa vimeshavunjwa mwaka 1976, na karakana zao zikabaki bila mwenyewe.

Hapo ndipo mafundi wetu walipokuwa mafundi kweli. Gasketi zilikatwa kwa mkono kwenye karatasi ngumu. Bushi za springi zilitoka kwenye raba ya tairi la lori. Bamba la springi lililovunjika lilirithiwa kutoka gari kubwa zaidi, likakatwa, likapashwa moto na kukunjwa upya. Pini zilikerezwa kutoka kwenye ekseli zilizokufa. Hiyo ilikuwa elimu nzima, yenye vipimo na sababu zake, na tumewaacha walioibeba wazeeke bila kuwaandikia hata ukurasa mmoja. Tuna mikutano ya kila jambo, lakini hatujawahi kuwakalisha wazee hawa na daftari.

Kisha, biashara ilipofunguliwa kuanzia 1986, tukapata Toyota kwa wingi na tukasahau. Land Rover za vyama na mashirika zikasukumwa nyuma ya maghala. Chuma kilipopata bei, wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mitungi ya gesi. Chesesi imara zikakatwa vipande zikawa nondo, bodi zikayeyushwa zikawa sufuria. Gari moja lililokufa lina giaboksi, difu mbili, ekseli, bloku na milango ya kufufulia magari mengine mawili. Sisi tuliliuza kwa kilo, leo tunalia spea hazipo.

Kwa mwenye 109 juu ya mawe, mambo ya kuanzia ni machache. Soma sahani ya namba ya chesesi na namba ya injini kabla hujamtuma mtu Gerezani, Dar es Salaam. Injini ya lita 2.25 ya kabla ya 1980 ina krenki ya beringi kuu 3, za baada yake zina 5, na muuzaji asiyeulizwa atakupa yoyote. Magari ya hadi 1967 yalifungwa waya chanya wa betri kwenye bodi, si hasi. Ukigeuza bila kujua, utaunguza vitu. Weka kando spana za milimita. Kichwa cha boliti cha nusu inchi ni milimita 12.7, na spana namba 13 itakila kona zake hadi kiwe duara. Bloku iliyolika si ya kutupa: tundu lake la awali ni milimita 90.47 na linakubali kuchongwa zaidi ya mara moja, ila chonga baada ya kuzipata pistoni za saizi hiyo, si kabla.

Bushi, pini, springi, ekzosi na bodi vitengenezwe hapa hapa, kwa fundi mwenye mashine ya kukereza au kupitia SIDO. Breki na viungo vya usukani, hapana. Hivyo nunua vipya hata ukisubiri mwaka, maana miaka ile ya dhiki ilizika watu kwa breki za kubahatisha.

Kwa viongozi wa mkoa nina ombi ambalo nimeliandika kabla na nitaliandika tena. Magari kuukuu yanapopigwa mnada, yauzwe mazima kwa mafundi kwanza, kabla ya mizani ya chuma chakavu. Na viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, vina nafasi ya banda moja la kudumu: 109 moja, mashine moja ya zamani ya kuchambua pamba, na wanafunzi wa VETA wakipima kila kipande na kukichora, huku wazee wakiwaeleza.

Wiki ijayo ni giaboksi. Kwa sasa, mwenye gari lililolala miaka asithubutu kupiga stata. Afungue plagi zote, amimine mafuta mepesi kidogo katika kila silinda, ayaache usiku kucha, kisha aizungushe injini kwa mkono kwa hendeli ya mbele. Ikikataa, aongeze mafuta na kusubiri tena, asivute kwa trekta.