DAMU HAISOMWI USONI

Jioni moja tulikuwa barazani Kibokoni tukila viazi vya karai, mazungumzo yakamfikia mjane mmoja wa mtaani. Mumewe alifariki kwa Ukimwi. Yeye amepimwa mara tatu, hana virusi.

"Ana dawa yake huyo, mumewe hakumpa," akasema mmoja.

Mwingine akacheka. "Wapi! Damu yake kali tu, kama yangu. Mimi hainipati ng'o!"

Nilinyamaza, lakini maneno yale hayakunitoka. Kesho yake nikamwendea mwalimu wetu wa bayolojia, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kila mtu hurithi jeni kwa babake na mamake, na jeni hazilingani. Sisi wa pwani mfano tunao. Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa hapa Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Je, na Ukimwi nao? Fikiria milango yetu ya Mji wa Kale. Virusi vikitaka kuingia katika seli nyeupe ya damu hushika kwanza mlango uitwao CD4, kisha hutafuta komeo, ambalo mara nyingi ni CCR5. Mwaka 1996 iligunduliwa kuwa wako watu ambao jeni yao ya CCR5 imepungua herufi 32. Aliyeirithi hivyo kwa baba na kwa mama hana komeo lile kabisa, na virusi vingi hubisha hodi vikarudi. Lakini watu hao, kama 1 katika 100, ni wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu Afrika ni nadra mno. Isitoshe, viko virusi vinavyopitia komeo jingine.

Sasa twende Majengo, Nairobi. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, akiwemo Frank Plummer, waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakiuza miili. Wengi waliambukizwa. Wachache, miaka nenda miaka rudi, hawakuambukizwa, na mwaka 1996 habari zao zikachapishwa. Komeo lao lilikuwa zima, kwani maabarani virusi viliziingia seli zao. Siri ilionekana kuwa katika askari wa mwili, waliozitambua na kuziua seli zilizovamiwa. Jeni ziitwazo HLA, zinazouonyesha mwili mgeni ni yupi, zina mchango hapo.

Lakini ngoja, usishangilie! Mwaka 2001 ilielezwa kwamba baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepumzika kazi ile kwa muda kisha wakairudia. Ngao waliyodhaniwa kuwa nayo haikuwa ya kudumu.

Basi yule mjane? Huenda ni jeni, huenda ni bahati tu, maana si kila tendo huambukiza. Uchawi haumo, wala kosa lake halimo. Mtaa umemdhulumu.

Na wewe ndugu yangu wa "damu kali", nani alikusomea damu yako? Kipimo cha kituoni hukwambia kama una virusi au huna, hakikwambii kama una ngao. Hata wale wanawake wa Majengo hawakujijua mpaka wengi wa wenzao walipokuwa wameambukizwa. Wataka kungoja ujue kwa njia hiyo?

Wanafunzi wenzangu, tahadhari kabla ya hatari. Tujihadhari, tupimwe, na aliyepatikana nazo ameze dawa zake bila kuonewa haya.

Mimi siku hizi nikipita mlangoni kwa yule mama husimama. "Shikamoo mama." Naye huitikia, "Marahaba mwanangu."