Homoni, Mifupa na Mama wa Sindo

Mfupa unaopungua hauumi, na mwanamke hugundua tu siku anapoteleza ukingoni mwa ziwa na kuvunjika nyonga. Pale Sindo, katika kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, ushauri wa kawaida ni kula omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Ni ushauri mzuri, kwani omena huliwa pamoja na mifupa yake na ina kalsiamu tele, lakini kalsiamu ni malighafi tu. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na estrojeni ndiyo inayozuia chembe za ubomoaji zisizidi kiasi. Hedhi ikikoma, breki hiyo hulegea, na lishe peke yake haiwezi kuirudisha. Tiba ya homoni yaweza.

Wanaoiogopa wana sababu. Mwaka 2002 utafiti wa Women's Health Initiative nchini Marekani ulisimamisha kabla ya wakati sehemu iliyohusisha wanawake 16,608, nusu yao wakimeza estrojeni na projestini. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti waliongezeka kwa 8 na waliopata kiharusi kwa 8. Waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, takriban thuluthi moja. Kwa hesabu hiyo, sioni haki ya kumpa kila mwanamke homoni kwa ajili ya mifupa peke yake. Ila wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi yake ikome, anayeteswa na joto la ghafla na mwenye hatari ya kuvunjika, mizani yake ni tofauti.

Na Sindo ina uzito wake wa ziada. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini Kenya, na shukrani kwa ARV, wanawake wengi wanaishi hadi ukomo wa hedhi. Tenofovir, dawa iliyomo katika vidonge vingi vya ARV, hupunguza uzito wa mfupa kidogo. Ukomo wa hedhi huongezea hapo. Mtu atasema mashine ya kupima mifupa iko mbali. Kweli, lakini umri, wembamba, hedhi iliyokoma mapema na mfupa uliowahi kuvunjika huulizwa bila mashine. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu asipewe homoni; kuna alendroneti, dawa ya mifupa isiyo homoni. Mwenye mfuko wa uzazi asipewe estrojeni bila projestini.

Basi, mama, usiache ARV zako. Ukienda kuzichukua, muulize daktari kuhusu mifupa yako.