Siku Tano Kabla ya Semina

Semina ya utafiti wa hisabati haina posho wala cheti. Ina ubao, chaki, msemaji mmoja na maswali yanayomkatiza kila anapopumua. Mgeni akiingia atadhani ni darasa, ila hapa msemaji haelezi jambo lililokwisha kukubalika. Analeta hoja yake mbichi ili wajuzi wenzake waitikise. Je, kutikisa huko hufichua makosa? Kisa cha László Babai kinatoa jibu lisilotarajiwa.

Tarehe 10 Novemba 2015 Babai, mzaliwa wa Hungaria anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alisimama mbele ya chumba kilichofurika watu. Swali lake ni rahisi kulieleza. Chukua ramani mbili za vijiji na barabara zinazoviunganisha, majina yote yamefutwa na vijiji vimetawanywa ovyo kwenye karatasi. Je, ni ramani moja iliyochorwa mara mbili? Wanahisabati huita michoro hiyo grafu, na vijiji vyake nukta. Vijiji vikiwa vitano, utajibu kwa macho. Vikiwa 20, namna za kuoanisha vya ramani moja na vya nyingine hufikia namba yenye tarakimu 19. Kompyuta inayojaribu namna bilioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 70 kuzimaliza.

Kwa kweli hakuna anayejaribu zote. Zipo programu zinazojibu upesi kwa grafu nyingi za kawaida. Lakini nadharia ya kompyuta huulizia grafu sumbufu kuliko zote, na huko kikomo bora cha muda kilikuwa hakijasogea sana tangu 1983, kazi ya Babai huyohuyo na Eugene Luks. Sasa alidai kukishusha mno, hadi karibu na polinomia ya idadi ya nukta (yaani idadi hiyo ikipandishwa kwenye kipeo kisichobadilika), ingawa bado juu yake kidogo. Kiini cha hoja: unapojaribu kuivunja grafu vipandevipande ukakwama, kinachokukwamisha ni cha aina moja tu, yaani grafu za Johnson, zenye ulinganifu wa kupindukia. Hizo akazitafutia dawa yake.

Makala ikatoka Desemba, kurasa zaidi ya 80. Mwaka mzima ukapita na dai likasimama.

Paris kuna semina ya namna nyingine. Semina ya Bourbaki, iliyoanza 1948, ina desturi ninayoipenda kuliko zote: msemaji huja kueleza kazi ya mtu mwingine, tena huja na maandishi kamili. Zamu ya kueleza kazi ya Babai ilimwangukia Harald Helfgott, mwanahisabati kutoka Peru. Ilimbidi apite kila hatua na kukadiria muda inaoula. Mahali fulani, ambapo utaratibu unajiita wenyewe tena na tena, hesabu ya muda ikagoma. Majibu yaliyotolewa na utaratibu wenyewe yalikuwa sahihi. Kasi ndiyo haikuwa ile iliyodaiwa.

Sishangai kwamba kosa halikukamatwa Chicago. Sikio la msikilizaji husamehe mengi, hasa msemaji akiwa gwiji. Mwanahisabati Andrew Wiles, kabla ya kutangaza Cambridge mwaka 1993 uthibitisho wake wa nadharia ya mwisho ya Fermat, alimweleza mwenzake Nick Katz hoja zake kwa siri, kwa mfululizo wa mihadhara pale Princeton. Katz alikaa kama mwanafunzi, kazi yake ikiwa kusaka kasoro, na pengo lililokuwamo likampita. Alilipata baadaye, alipopewa muswada aukague mstari kwa mstari. Kwa hiyo naona semina inayomlazimisha mtu abebe hoja ya mwenzake ni kali kuliko ile inayojaza ukumbi.

Tarehe 4 Januari 2017 Babai alitangaza hadharani kwamba anaondoa dai lake la kasi. Kilichobaki bado kilikuwa bora kuliko matokeo ya 1983. Tarehe 9 akatangaza kwamba ameibadilisha hatua iliyoharibika, na dai la awali limerudi. Siku tano baadaye, tarehe 14, Helfgott akasimama Paris na kueleza uthibitisho uliorekebishwa, akiwa ameshaukagua na kuridhika. Kama muda huo unaweza kushushwa hadi polinomia kamili, hakuna aliyethibitisha wala kukanusha.